Kiboko Aliyezidisha Dawa

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitika kivivu kweli, lakini haya, nawasamehe. Paukwa tena, polepole, tusiwaamshe vyura.
Pakawa...

Hapo kale, kwenye bwawa lililofunikwa ukungu mzito kama tui, aliishi Konokono na wanawe. Humo humo aliishi Kiboko, bwana mkubwa, mlafi asiyejua kushiba. Anakula, anakula, halafu anajilaza hapo hapo. Basi kiungulia kinampanda, moto kifuani, fuku! fuku!

Siku moja akatafuna majani yenye konokono ndani yake. Kacha, kacha! Moto ukapoa. Tangu hapo kila akila, anamalizia na konokono.

Alfajiri moja akasimama mbele ya Konokono. "Leo zamu yenu, wewe na wanao."

Konokono aliogopa mpaka pembe zikaingia ndani. Wanawe magamba yao yalikuwa bado mororo. Akajikaza, akasema taratibu, "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba."

"Mbona unahangaika na makombo? Dawa ni ule mwamba mweupe pale. Sisi tunaulamba, ndipo tunapata haya magamba yanayokupoza moto."

"Kumbe!"

"Lakini ulambe kidogo tu. Ukizidisha, choo kitafunga na gesi itakujaa. Na kiungulia kikikataa kuondoka, acha kulamba, kamwone mganga."

"Kidogo ni cha wadogo," akasema Kiboko.

Konokono alijua atasema hivyo. "Hiari yako, bwana."

Kiboko akalamba. Akamega. Akameza. Kacha, kacha, gubu! Nusu ya mwamba ikaenda. Akashushia maji. Tumbo likaanza kuchemka, fwaa, fwaa. Akacheua, bweee! Akataka kwenda haja, wapi! Kumefungwa. Akavimba, akavimba, akawa mwepesi, miguu ikaacha matope. Ukungu ukamnyanyua taratibu, juu ya matete, juu ya miti, naye macho yamemlegea kama mtoto anayebembelezwa. Hakuonekana tena.

"Mama," mwanawe akauliza, "ulimdanganya?"

"Nilimwambia kweli tupu, mwanangu. Ndiyo maana hakunisikiliza."

Hadithi yangu imeelea, sijui itatua kwa nani. Funzo lake, wanangu: ukipewa dawa na masharti yake, dawa maliza yote, masharti tupa. Utasafiri mbali, tena bila nauli, na wadogo uliokuwa ukiwatafuna watakupungia mkono.