Nyani, Kibuyu na Sikio la Kushoto

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Mnausikia mlio huo?

— Tunausikia!

Ni usiku wa manane, na unatoka shuleni. Ngojeni, kwanza shikeni masikio. Mkono wa kulia upite juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Mmelishika?

— Tumelishika!

Basi mmefika umri wa kusimuliwa. Na asiyelifikia asitoke, akae hapa hapa ubavuni mwangu, maana hadithi hii ni ya kwake.

Mama Pimbi aliusikia mlio huo akiwa amelala na mwanawe Tunu kwenye mwanya wa jiwe, akashtuka, akamvuta mtoto kifuani, moyo unampiga du-du-du. Tangu vita iishe mama huyu alikuwa mwoga wa kila kitu, majani yakicheza anaogopa, yasipocheza anaogopa zaidi. Na usiku ule alikuwa na hofu kubwa kuliko zote, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kipimo.

Kipimo gani? Nawaambia, msinikimbize.

Ile vita ya Simba na Nyati ilikula wengi, na walioliwa zaidi ni wadogo, waliobebeshwa mizigo ya wakubwa. Baba yake Tunu alikuwa mmoja wao. Alitwishwa furushi, akapewa kibuyu cha maji, akaambiwa haya, fuata njia. Njiani palikuwa na ubao umeandikwa kwa herufi kubwa: HATARI, MSIPITE. Baba Tunu akautazama, akautazama, akamwambia mwenzake, "Afadhali, tumeshafika kijijini." Wakapita. Mwenzake alinusurika, ndiye aliyesimulia, na ndiye aliyemletea Mama Pimbi kibuyu, kimetobolewa tako kwa pembe.

Kwa hiyo vita ilipokwisha wanyama wakakaa baraza wakasema sasa basi, watoto wote wasome. Wote! Tembo akaleta magogo, mchwa wakaleta udongo, korongo akaleta nyasi za kuezekea, na Mama Pimbi akaleta mawe, moja moja, madogo kama mayai, mpaka nyayo zikamchubuka. Shule ikasimama. Wakakubaliana kila nyumba itatoa unga, watoto wapikiwe uji, na kitakachobaki chunguni kiwe cha Mwalimu Mkuu. Na Mwalimu Mkuu wakamweka Nyani, kwa sababu ana nguvu, kwa sababu ana sauti, na kwa sababu, jamani, alikuwa ameshakaa kwenye kiti na hakuna aliyethubutu kumwambia ondoka.

Siku ya kwanza Nyani akasimama mlangoni, kifua mbele.

"Watoto wote," akasema, "ila waliofika tu."

"Waliofika wapi, Mwalimu?"

"Waliofika umri! Mkono wa kulia, juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Pitisha! Nyoosha! Shika!"

Watoto wa Nyani mikono yao mirefu kama fimbo za kuswagia ng'ombe, hata shingo hawakupinda. Shap! Wakaingia.

Akaja mtoto wa Digidigi. Pitisha! Nyoosha! Shika! Kwato ikaishia kwenye paji la uso. "Hajafika! Mwakani!"

Akaja mtoto wa Kobe. Pitisha! Nyoosha! Shika! Kobe mdogo akaona haya, akarudisha kichwa ndani, mkono ukapapasa gamba tupu. "Hajafika! Mwakani!"

Akaja kifaranga wa Kanga. Pitisha! Nyoosha! Shika! Bawa likamziba macho, na sikio lenyewe hakuna aliyeliona liko wapi. "Hajafika! Mwakani!"

Akaja Tunu. Mikono ya pimbi mnaijua ilivyo. "Hajafika! Mwakani!"

Mwakani ikaja, hajafika. Mwakani nyingine ikakaribia, na sasa Nyani akaongeza neno: mtoto atakayeshindwa mara ya tatu huyo si wa shule, aende kwenye mahindi ya Mwalimu Mkuu, waliko tayari waliochoka kupimwa, apalilie mpaka azeeke. Ndiyo kesho hiyo sasa. Ndiyo hofu ya Mama Pimbi.

Mpo?

— Tupo, mikono inauma!

Vumilieni, hata Tunu ilimuuma.

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Mama, ni nini hicho?"

"Lala, mwanangu. Ni upepo."

"Upepo una kucha?"

Mtoto huyo na maswali yake! Mama Pimbi akaona bora akaangalie, maana kulala hawezi na kukaa hawezi. Akatoka, akanyata mpaka shuleni, akachungulia. Akamwona Nyani. Kichwa chote ndani ya chungu cha uji, makalio mekundu juu, anakomba ukoko kwa kucha, kwaru, kwaru, na huku anajisemea, sauti inavuma mle chunguni:

"Watoto wachache, uji mwingi. Watoto wachache, uji mwingi. Wakijaa humu, mimi nikombe nini?"

Mama Pimbi akajiziba mdomo. Kumbe! Kumbe si umri, kumbe wala si sikio, ni chungu! Akarudi mbio akiwa mwoga vilevile, ila sasa mikono yake ilikuwa na kazi ya kufanya. Akakitungua kibuyu cha Baba Tunu. Ni kibuyu kigumu, shingo nyembamba, tumbo pana. Akakibusu. "Nakiazima, mume wangu, usinune." Tundu la chini akaliziba kwa kitambaa. Akakaanga karanga, chwaa, chwaa, mpaka zikanukia, akazimimina ndani. Alfajiri akaenda kukifunga kwenye nguzo ya mlango wa shule kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, kisha yeye na Tunu wakajibanza nyuma ya magogo yaliyobaki.

Nyani akaja kufungua shule. Nfu, nfu, nfu. Akasimama. Nfu, nfu, nfu. Pua ikamvuta mpaka kwenye nguzo.

"Karanga!" akasema. "Tena za moto!"

Mkono ukaingia, twii. Akajaza ngumi. Akavuta. Hautoki. Akavuta tena, akaweka na mguu kwenye nguzo, puu! Hautoki. Ngumi imevimba kwa karanga na shingo ya kibuyu haina habari na cheo cha mtu. Na huko bondeni, sasa, sauti za wazazi zikaanza kusikika, wanakuja na watoto wao kwenye kipimo, wanaimba kabisa.

Mama Pimbi akatokeza.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Ma... marahaba, Mama Tunu." Nyani akaegemea nguzo kama mtu anayepunga upepo. "Mbona mapema hivi?"

"Tumewahi nafasi, Mwalimu. Huyu mtoto wako hajaelewa bado kushika sikio. Tuonyeshe kidogo tu, aone."

Nyani akanyanyua mkono wa kushoto.

"Wa kulia, Mwalimu," Tunu akasema. "Wewe ulisema wa kulia."

"Wa kulia umelala."

"Umelala kwenye kibuyu?"

Nyani akamkodolea macho. Akamtazama mama, akatazama bondeni, akainama, akanong'ona, "Mama Tunu, niokoe. Wakinikuta hivi nitaweka wapi uso wangu?"

"Mwalimu, ukiziachia karanga, mkono utatoka wenyewe," Tunu akamwambia.

Ni kweli tupu, na alipewa bure! Lakini Nyani akaruka kama ameumwa na siafu. "Niziachie? Halafu azile nani?"

Jamani, angeziachia hadithi ingeishia hapo, tungekwenda kulala.

Mama Pimbi akashusha pumzi. Anaogopa, lakini akasema tu, maneno yanakimbizana: "Kibuyu hiki kina mlango mwingine huku chini, Mwalimu, mkono mdogo unapita, unakutolea karanga moja moja mpaka ngumi inywee, lakini mkono mdogo ninaoujua mimi ni huu wa Tunu, na huu wewe ulisema haujafika."

"Umefika!" Nyani akasema. "Umefika, mbona umefika zamani!"

"Na wa Digidigi?"

"Umefika!"

"Na wa Kobe?"

"Umefika na gamba lake!"

"Na wa Kanga?"

"Kanga hana mkono, mama wee!"

"Wameshavuka mto, Mwalimu. Nasikia miguu."

"Umefika! Bawa limefika! Unyoya umefika!"

"Na walioko kwenye mahindi yako?"

Hapo Nyani akageuka kutazama shamba lake, mahindi ni mahindi. Wimbo ukakaribia. Akasikika Kobe mzee akikohoa.

"Warudi," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Lakini Mama Tunu, uji wangu..."

Mama Pimbi akamwonea huruma, msishangae, alikuwa na moyo huo. "Kila nyumba itaongeza unga, Mwalimu. Watoto wengi, chungu kikubwa. Chungu kikubwa, ukoko mwingi. Ukoko wote ni wako, na usiufuate usiku, tutakupakulia kwenye sahani."

Nyani akapiga hesabu ya ukoko, uso ukamlegea.

Tunu akachomoa kitambaa. Mkono mdogo ukaingia kwa chini, kupitia tundu lile la pembe iliyomuua baba yake, ukatoka na karanga. "Moja yako, moja yangu," akasema. Ukaingia, ukatoka. "Moja yako, moja yangu."

Nyani, huku anatafuna: "Nani kakufundisha kugawa?"

"Hakuna. Sijafika umri."

Pwa! Ngumi ikanywea, mkono ukatoka, na saa hiyo hiyo wazazi wakatokeza kilimani. Mama Pimbi akaikata kamba kwa meno, akakificha kibuyu ndani ya upande wa leso aliyojifunga. Nyani akajifuta mdomo, akapanda juu ya jiwe, kifua mbele.

"Wazazi wenzangu!" akanguruma. "Nimekesha nikifikiri. Nimefikiri sana! Nimeona mkono na sikio havihusiani na kusoma. Kuanzia leo, watoto wote!"

"Ila?" akauliza Digidigi, aliyezoea.

"Hakuna ila!"

Weee! Vigelegele vikapasuka, Kanga akaruka mpaka juu ya paa, Tembo akalia machozi kama ndoo. Wakambeba Nyani juu juu. "Mwalimu wetu! Mwenye maono! Ahsante, Mwalimu!" Mama Pimbi naye akapiga kigelegele, tena kirefu kuliko cha mtu yeyote, na kilimtoka moyoni, kwa maana watoto walikuwa wanaingia, wanasukumana mlangoni, wanakanyagana, wa mahindini wanakuja mbio na majembe mabegani. Alijali nini nani amebebwa?

Walipomshusha, Nyani akamsogelea akamnong'oneza sikioni, la kushoto.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Mwalimu, mimi na woga wangu huu, nimwambie nani?"

"Niapie."

"Naapa sitamwambia mtu mwingine."

Na mvua za mwaka huo zilipokwisha, Mama Pimbi akamshika Tunu mkono wakaenda mpaka kwenye ule ubao, bado umesimama, umeliwa na mchwa upande mmoja. Tunu akaweka kidole. "Ha. Ta. Ri," akasoma. "M. Si. Pi. Te." Kisha akauliza, "Mama, ni hivi tu? Ni maneno mawili tu?"

"Ni hayo tu, mwanangu." Mama Pimbi akalia, akafuta macho, akashukuru. Akashukuru mawe yake madogo, akashukuru korongo na mchwa, akashukuru kibuyu. Akafika mpaka akamshukuru Nyani kwa ulafi wake, maana angekuwa na kiasi, ile ngumi angeifungua. Halafu, akiwa anaona haya, akamwambia mtoto, "Yasome tena, taratibu, na mimi niyafuate."

Hapo ndipo ninapokiweka chini kibuyu changu cha hadithi. Achieni masikio.

— Tumeachia!

Na funzo lake mlijue. Kwenye ukuta wa shule ile pameandikwa kwamba elimu ya wote ililetwa na Mwalimu Mkuu Nyani, baada ya kufikiri sana. Mlishike hilo. Ninyi wenye mikono mifupi kaeni kwa adabu, msichungulie vyungu vya watu, msiamke usiku, msikaange karanga. Subirini tu. Wakubwa wako macho wanawafikiria.

Mnacheka nini?

— Na wewe ulijuaje, kama Mama Pimbi aliapa?

Haya, niliogopa mtauliza. Aliapa hatamwambia mtu mwingine, na hakusema uongo: mimi alikuwa ameshaniambia alfajiri ile, alipokuja kuazima kamba kwangu. Na mimi nimewaambia ninyi tu, milango imefungwa. Sasa apeni.

— Hatutamwambia mtu mwingine!