Viti Vyenye Wenyewe

Mbaruku aliachiwa na baba yake jumba la sinema, na pamoja na jumba akaachiwa neno: lisifungwe. Baba alilisema akiwa kitandani, siku tatu kabla ya kufa, na Mbaruku akaitikia. Hakuwa na mke wala shamba. Alikuwa na jumba hilo na ahadi hiyo, basi.

Lilikuwa jumba la mtaa. Lilipojengwa, watu wa mtaa walisomba mawe na kukoroga saruji bila ujira, na yule baba, kwa shukrani, akaipa kila nyumba kiti chake. Jina la mwenyewe liliandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni mwa kiti. Akifa, kinarithiwa. Asipokuja, hakikaliwi na mwingine. Adabu hiyo ilishikwa kuliko nyingine yoyote pale mtaani. Msicheke, nanyi mnazo zenu.

Miaka ikaenda. Wenye viti wakahama mmoja mmoja. Wengine wakanunua televisheni wakajifungia nazo sebuleni, na wengine wakafa, watoto wao wako mbali. Jumamosi alasiri Mbaruku alipowasha mashine, aliwaonyesha picha watu kumi na wawili, kisha tisa, kisha wanne. Hata hivyo kila asubuhi alipita na kitambaa akipangusa vumbi kwenye majina. Ilimuuma, lakini alipangusa.

Ndipo reli ikafungua karakana, na vibarua wakaja kutoka bara na familia zao, wakapanga vyumba mtaa huo huo. Sisi wenyewe tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kusema tunasema. Jumamosi ya kwanza walikuja watu kama sitini, wamevaa nguo zao nzuri, watoto wamepakwa mafuta. Walipotaka kukaa, Mbaruku akawazuia, akawaonyesha ukuta wa nyuma wasimame hapo. Wakasimama saa tatu nzima, na mbele yao viti karibu mia mbili vitupu. Jumamosi ya pili walisimama tena, ila safari hii hawakufika thelathini.

Jumamosi ya tatu alikuja mwanamke mmoja tu, jina lake Nyamizi, muuza vitumbua, mimba yake imeshakuwa kubwa. Aliomba akae kidogo apumzishe miguu. Kiti alichokishika, mwenyewe alikwishazikwa, ule ulikuwa mwaka wa sita. Mbaruku hakuwa katili, na hilo ndilo linalonisikitisha mimi. Alimwonea huruma kweli. Lakini aliogopa mtaa utasema nini, akamjibu, "Mama, hicho kina mwenyewe."

Nyamizi akaenda zake, na watu wa kwao hawakuja tena.

Mbaruku alipoona hata wale wanne wameacha kuja, hana mtazamaji hata mmoja, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Akapanda hata treni kuwafuata waliohama, akiwasihi waje, kwa sababu jumba la baba yake linakufa. Walimkaribisha chai. Walikumbuka picha za zamani, wakacheka, wengine machozi yakawatoka. Hakuja mtu. Ila wote, walipokuwa wakimsindikiza mlangoni, walimkumbusha jambo moja: awatunzie viti vyao.

Basi jumba likafungwa, na ahadi ikavunjika. Likachukuliwa na mtu aliyetaka ghala la mkaa, naye akatangaza kwamba kila kilichomo ndani kitatolewa. Lo, siku hiyo walikuja. Walikuja wote, wa karibu na wa mbali, na mikokoteni na misumeno, kila mtu akiinama kutafuta jina lake. Mbaruku alikaa kwenye ngazi za nje akiwatazama wakiingia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesimama kumsalimia.

Viti vile viliungwa safu kwa safu, kila viwili vikichangia mguu mmoja. Walipovikata wakagombania miguu, hata ndugu wa tumbo moja wakatukanana mbele za watu. Na kila aliyefika kwake na kiti chake aliona hakisimami. Wakaviegemeza ukutani, na vingi vikaliwa na mchwa. Mbaruku naye hakuumaliza mwaka. Alifia katika chumba cha kupanga, na waliomuuguza wanasema hakutaka kabisa atajiwe jina la baba yake.

Sasa nauliza, na mtu asimtazame jirani yake: katika nyumba tuliyoachiwa sisi, ni nani aliyechoka tuliyemnyima nafasi leo, kwa heshima ya mtu ambaye hatakuja?