Ramani ya Vipande Tisa

Bisheni. Nawapa nafasi mbishe sasa, maana nikimaliza mtabaki mmeshika videvu. Mimi niliacha shule darasa la sita, na bado nimetolewa chini ya ardhi na faili. Siyo kamba, siyo ngazi. Faili. Wewe mwenye cheti unayecheka huko nyuma, sogea usikie vizuri.

Kwenye duara letu, shimo la kuchimba dhahabu, tulikuwa wanne. Limi, mpima njia: akitupia ukuta jicho anakutajia urefu wake, hakosei shubiri. Mzee Nkwabi, mtu wa pampu: hajatupa kitu tangu azaliwe, hata msumari uliopinda anao. Kashinje: mwembamba kama mkia wa mjusi, alipopita paka naye anapita. Na mimi, mzuri kuliko wote.

Kule chini mtandao haufiki. Kwa hiyo Limi alileta programu inayofanya simu ziongee zenyewe kwa zenyewe, akatukalisha chini kutufundisha.

"Hapa hakuna simu iliyo bosi," alisema. "Unaweka faili, inakatwa vipande. Kila kipande kinapata muhuri unaotokana na kilichomo ndani yake. Ukibadilisha hata nukta, muhuri unakuwa mwingine. Ukikitaka, huulizi kiko wapi. Unataja muhuri, na simu yoyote ya jirani iliyo nacho inakupa."

"Kama kuuliza mtaani nani ana chumvi," Mzee Nkwabi akasema.

"Hivyo hivyo, baba. Ila mkishapata kipande, kifungeni: bonyezeni alama ya kufuli. Usipokifunga, simu ikijaa inakifagia."

Nikamwambia, "Dada Limi, wenzako wanatafuta dhahabu, wewe unatugawia chumvi." Watu walicheka. Mimi nikitaka watu wacheke, wanacheka.

Faili lenyewe lilikuwa ramani ya njia zote za chini, za kwetu na za wazee waliochimba zamani. Vipande tisa.

Jumanne moja, saa nane mchana, mwamba ukashuka.

Njia ya kutokea ikazibwa. Simu ya Limi ikabaki chini ya jiwe. Pampu, iliyokuwa ng'ambo ya kifusi, ikanyamaza, na maji yakaanza kupanda: nyayo, kisha ugoko. Nyuma yetu kulikuwa na midomo mitano ya njia za zamani. Mmoja unatoka nje. Minne inaishia kwenye hewa mbaya, ile inayokulaza bila kukuuliza jina.

"Ni upi?" nikamuuliza Limi.

"Niliipima kwa miezi miwili, na vipimo viko kwenye ramani, siyo kichwani," alisema. "Sitawaingiza kwa kukisia."

Kashinje alikuwa na kasimu ka kubonyeza. Simu yangu ilikuwa nzima, ina programu na inaujua muhuri wa ramani, lakini haikuwa na kipande hata kimoja. Mambo ya simu hayo.

Ndipo Mzee Nkwabi akakohoa. "Yangu iko kwenye betri ya pampu. Kioo kilikufa tangu Pasaka, ila moyo unapiga. Vipande vyote tisa nilivifunga."

"Simu isiyoonyesha kitu unaiwasha ya nini, mzee?"

"Binti alisema simu inayowaka inawalisha wenzake. Sasa niizime ili iweje?"

Kati yetu na pampu kulikuwa na ufa, usawa wa mapaja, na mwamba ulikuwa unameza mawimbi ya simu. Lazima simu yangu isogezwe. Kashinje akavua shati, akaishika simu mbele yake, akaingia kwa tumbo. Hatua kumi na mbili hivi, mpaka ufa ukawa mwembamba kama kiwiko. Mtu hapiti hapo. Ila pasipopita mkono, mawimbi yalipita.

"Kimoja," tulimsikia. "Viwili."

Maji yalikuwa kiunoni kwetu. Kwake yeye, aliyelala, yalikuwa kidevuni.

"Sita."

Tukasikia jiwe likikaa. Hesabu ikakatika. Limi akamwita, "Kaka, rudi." Hakurudi. Baadaye sana akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuma meno, "Saba." Alipotoka na tisa, vidole vyake viwili vya kushoto vilikuwa vimesagika, na simu ilikuwa kavu.

Ramani ikasema mdomo wa nne, mdogo kuliko yote, ambao mimi ningeuchagua wa mwisho. Tukatambaa. Tukaliona jua.

Mwenye duara, Mama Holo, alikuwa na nafasi moja tu ya kazi ya juu: kusimamia winchi. Mwanga siku nzima, na hushuki tena maishani. "Aliyewatoa wenzake ndiye aichukue," alisema. "Nani?"

Limi akasema, "Bila ramani, angefunga nini mzee? Angefuata nini Kashinje?"

Mzee Nkwabi akasema, "Ramani yako ililaliwa na jiwe, binti. Bila mimi kutunza, mwenzako angeingia ufani bure."

Kashinje akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Ramani mlikuwa nayo, mzee. Ng'ambo."

Mama Holo alishindwa kukata shauri. Akasema asiye na sehemu ndiye aamue, akanigeukia mimi. Kesho asubuhi wananisubiri kwenye winchi, wote watatu, na kila mmoja ameshaniita ndugu yake.

Sasa nimalizie nilichokiruka. Simu yangu haikuwa tupu kwa bahati mbaya. Ramani niliipokea siku ile ile ya mafunzo, vipande vyote tisa, Limi mwenyewe akanisimamia. Sikuifunga. Nilijirekodi video zangu nikicheza juu ya mawe mpaka simu ikajaa, ikaifagia. Ningeifunga, ramani ingekuwa mfukoni mwangu, tungetoka maji yakiwa bado kwenye nyayo, na Kashinje angekuwa na vidole kumi. Limi aliniuliza kule chini, nikamwambia programu yake mbovu. Akaomba radhi. Mpaka leo anadhani kosa ni lake.

Basi mimi ndiye hakimu. Mpimaji, mtunzaji, au aliyeingia ufani: wewe ungempandisha nani? Na kabla ya kumtaja, ungewaambia, au ungekaa kimya kama mimi?