Chumba cha Kuoshea

Siku Bi Rukaiya alipofariki, hakuna mtu wa Kiwalani aliyeuliza nani atamwosha. Mwanaheri alilelewa na bibi huyo, akafunzwa naye kuosha maiti, na kwa miaka ishirini wanawake wa mtaa ule walizikwa baada ya kupita mikononi mwake. Desturi ni waoshaji kuwa wawili. Lakini kijicho hakina adabu, humfuata mtu hadi msibani. Mwenzake, Nusaiba, alikuwa ameanza kusifiwa kwa wepesi wa mikono, na sifa hizo zilimchoma Mwanaheri roho.

"Leo naosha peke yangu," alisema mlangoni. "Huyu ni mama yangu mie."

"Da Mwanaheri, maiti hageuzwi na mtu mmoja," Nusaiba alimjibu kwa upole.

Mlango ukafungwa, komeo likatiwa.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Nje, wanaume walisubiri na jeneza, maana mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri. Mwanaheri alimwaga maji ya majani ya mkunazi, akasugua, akasuuza. Kisha akamgeuza marehemu ubavu. Lo! Bi Rukaiya, ambaye maradhi yalimkausha akabaki mifupa, alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Kitanda kikainama, mwili ukaanza kuteleza, na Mwanaheri akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

Akakwama hapo. Akiachia, mama aliyemlea ataanguka sakafuni, aibu isiyofutika. Asipoachia, hana mkono wa kufanyia lolote. Kichwa cha marehemu kilimlalia begani, na pumzi ndefu ya baridi ikamtoka puani, ikampuliza Mwanaheri sikioni. Nywele zikamsimama. Alijua ni hewa iliyosalia kifuani, ndivyo alivyozoea kuwaambia waoga. Lakini pumzi ikaja tena, na tena. Mikono ilikufa ganzi, na bado kiburi kilimzuia kuita mtu.

Mara mpini wa ufagio ukapenya kwenye dirisha la kando ya mlango, ukasukuma komeo. Nusaiba aliingia, akashika miguu. Walipoinua pamoja, mwili ulikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka.

"Umejuaje?" Mwanaheri alinong'ona, machozi yakimtiririka.

"Si umeniita? Mara tatu nimesikia, 'Nusa, njoo umsaidie mwenzio.'"

"Mie sijafungua kinywa."

Wakatazamana. Mtaani pale, jina la Nusa lilitumiwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala kati yao, taya limefungwa kwa kitambaa.

Mwanaheri aliokota kata ya maji, akamkabidhi mwenzake. "Nisamehe, mdogo wangu. Wewe mwaga, mie nishike."

Wakaosha bega kwa bega, na adhana ilipolia Bi Rukaiya alikuwa ndani ya sanda. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.