Jina la Mtoto wa Nakundwa

Sogeeni. Hadithi hii haina zimwi wala sungura. Ina wanawake watatu, na tabia tatu ambazo watu wa kijiji kimoja cha milima ya Upare hawakuzipenda. Navoneiwa alikuwa mwoga. Jani likianguka, yeye ameshaona msiba. Akeyo, aliyeolewa pale akitokea Rorya, kwa Wajaluo, hakujua kunong'ona. Bibi Damari alikuwa king'ang'anizi. Akisema saa mbili ni saa mbili, hata inyeshe mvua ya mawe.

Nakundwa ndiye waliyempenda, maana alikuwa mpole. Alipomzika Foibe, mwanawe wa pekee wa miaka tisa, hakudondosha chozi. Wakasema, "Huyu ana subira." Siku ya nne alikuwa shambani akipalilia tangawizi. Wakamsifu tena. Kwa huruma wakaacha kumwita Mama Foibe, wasimtoneshe kidonda. Kwake chakula kilikuwa hakina ladha, asubuhi haina maana, na sifa zile zilimfunga mdomo.

Aliyeona kwamba ile si subira ni wifi yake, Navoneiwa. Nakundwa alimgawia kuku wake wote, kisha vitenge vyake vya sikukuu.

"Mtu hagawi kuku wanaotaga hivi hivi," Navoneiwa aliwaambia watu.

"We hata kuku wanakutisha!" wakamcheka.

Hofu haikumwacha atulie. Asubuhi moja alimfuata Nakundwa kwa mbali hadi kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Akamkuta ndani ya maji, yamefika kifuani, khanga ameikunja vizuri ukingoni. Mwoga yule asiyejua kuogelea aliingia, akamkamata mkono, hakuuachia.

Nakundwa akarudi nyumbani, lakini kama gogo. Hali, hasemi. Majirani wakaja kukaa naye kimya, ndiyo heshima ya pale. Akeyo aliingia uani akajishika kichwa. "Foibe wee! Foibe mwenye pengo, nani ataniibia karanga sasa? Mama Foibe, mwanao yuko wapi?"

"Nyamaza, mwanamke! Msiba umekwisha!"

"Kwenu umekwisha. Kwetu asiyeliliwa hajazikwa."

Miezi minne Nakundwa hakuwa amesikia jina lile. Alifungua mdomo, ikatoka sauti iliyonyamazisha hata mbwa. Akalia hadi jioni, kisha akaomba uji.

Lakini kulia si kupona. Wiki mbili baadaye alikuwa tena anaitazama njia ya ndiva. Bibi Damari, shangazi wa mumewe, akampeleka kliniki wilayani. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, akampa vidonge.

"Mnamtangaza kichaa," watu wakanung'unika.

"Semeni. Mimi nina Alhamisi yangu ya kliniki."

Mwaka mzima, kila asubuhi: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Nakundwa alimchukia. Siku alizotaka kuacha, alimkuta bibi yule mlangoni na kikombe cha maji.

Mwaka uliofuata akazaa binti. Akamwambia mumewe, "Jina nitampa la aliyenirudisha." Wale watatu wakaja kumwona mtoto.

"Mwiteni Akeyo, atajua kulia."

"Damari. Ataamka mapema."

Navoneiwa akashtuka. "Langu msimpe jamani, atarithi hofu!"

Wakacheka, na Nakundwa akacheka. Kisha akawatazama mmoja mmoja. Bila wifi yake angekuwa amezama. Bila Akeyo angekuwa gogo mpaka leo. Na kama si Bibi Damari, angeirudia njia ile ile.

Tena kuna jambo ambalo hajamwambia mtu. Jina lolote atakalochagua, ndilo watakalomwitia yeye: Mama fulani. Akeyo, ambaye peke yake bado anamwita Mama Foibe, naye ataacha, na hapo hatabaki wa kumtaja Foibe.

Mtoto ana miezi miwili, anaitwa "mtoto" tu. Jumapili ni ubatizo. Mchungaji atamgeukia Nakundwa amuulize jina.

Haya, ninyi mliosikiliza: mngekuwa yeye, mngetamka jina la nani?