Figo Mbili za Subilaga

Kulikuwa na mwanamke mmoja, wapendwa, tumwite Subilaga, fundi cherehani katika mji mdogo wa milimani. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, aliyekwenda Ulaya kusoma, akaoa na kubaki hukohuko. Huyo mdogo mtu akaugua, figo zake zikashindwa kazi. Kule nchi ya matajiri hakuachwa. Mashine ya kusafisha damu ilimngoja, na gari la hospitali likamfuata nyumbani. Lakini madaktari wakasema ni heri apatikane ndugu wa kumgawia figo moja.

Subilaga akasema, "Nitatoa mimi." Hakungoja kikao cha ukoo. Ubalozi ukampa viza upesi, kanisa lake likamwombea na kumpigia makofi, akaenda, akatoa. Siku ya kuondoka daktari wa kule alimwambia kwa upole, "Mama, pima presha kila mara. Umebaki na moja."

Sasa nisikilizeni. Akapime wapi? Zahanati ya kwao ilikuwa na kipimo kimoja, nacho kilikuwa kibovu. Alikwenda, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa kimeagizwa. Mwishowe akachoka kuuliza, kama sote tunavyochoka. Kichwa kikimgonga alimeza dawa za maumivu za dukani, akaendelea kushona. Nani kati yetu hajafanya hivyo?

Miaka ikapita. Miguu ikaanza kuvimba, pumzi zikawa fupi, chakula kikamchefua. Hospitali ya rufaa wakamwambia ile figo iliyobaki imekwisha. Mashine zilikuwepo, naam, lakini huko mjini, na wenye kuzihitaji walikuwa wengi kuliko mashine zenyewe. Mtu aliyetakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki alikwenda mara moja, na wiki nyingine hakwenda kabisa. Cherehani ikauzwa. Waliokuwa wakimsindikiza wakapungua mmoja mmoja, wala si kwa ubaya. Walichoka.

Mdogo wake akahangaika, akaomba dada yake apelekwe Ulaya kutibiwa. Ubalozi uleule ukakataa, ukisema haijulikani kama atarudi kwao. Mlioketi hapa, niambieni: alipokwenda kutoa, nani aliuliza kama atarudi?

Basi yule ndugu akaja mwenyewe. Akamkuta dada yake wodini, uso umevimba, anahema kwa shida. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Figo yangu haijambo?"

"Haijambo. Wanaipima kila mara nikienda kliniki."

Subilaga akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu. "Basi hiyo imepata bahati kuliko mwenzake."

Mdogo mtu hakuweza kukaa. Akatoka, akamshika daktari mkono pale koridoni. "Daktari, mrudishieni yake. Nitoeni hii mumwekee. Mimi kule kwetu nitawekwa kwenye mashine, nitaishi."

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Haiwezekani, kaka. Hawezi tena kuhimili kisu." Kisha akasema jambo ambalo yule ndugu hakulitarajia: "Hata hivyo, hakuhitaji figo ya mtu. Ni presha iliyoila ile yake, taratibu, miaka yote hiyo. Kidonge kwa siku na mtu wa kumpima, basi. Leo angekuwa anashona."

Subilaga alikufa wiki ileile. Kanisa lilijaa siku ya mazishi, hata wengine wakasimama nje.

Wapendwa, tuwalaumu wa Ulaya, tuna haki. Figo mbili za mwanamke mmoja: moja ilivuka mpaka, ikatunzwa kama yai, nyingine ikabaki kwao, ikaachwa ioze. Mungu atawauliza wenye mashine nyingi na milango mizito. Hilo sina shaka nalo.

Lakini wao hawako hapa asubuhi hii. Tuko sisi. Na sisi tu hodari wa kuaga mtu kwa makofi na kumzika kwa nyimbo. Hapo katikati, anapoambiwa arudi kesho, tunakuwa wapi? Msinijibu. Nimeongoza mazishi mengi mno, nimechoka, na majibu yenu nayajua.

Yupo mmoja wetu, hayupo ibadani leo. Alfajiri ya kesho atapanda basi kwenda kwenye mashine, peke yake, na nyote mnamjua kwa jina. Nimebakiwa na swali moja tu, nanyi mnijibu mkiwa mmesimama: nani atakaa naye kiti cha pili?