Nani Ana Kisu?

Wapendwa, alikuwapo mtu mmoja mwenye duka la mbolea, mtu wa watu, na moyo wake ulikuwa kwenye visu. Alikusanya visu vya kukunja vya kizamani, vyenye mpini wa pembe, na ubavuni mwa mpini fundi amechonga pengo dogo, ili bapa lishikwe kwa vidole viwili na kufunguka mara moja. Hata mwenye mikono iliyolowa, hata anayetetemeka, angeweza kuvifungua. Nyumbani alivipanga kwenye kabati la kioo. Alivipaka mafuta, akavifuta, akavirudisha. Mkewe akitaka kukata kamba ya gunia, alikwenda kuazima kisu kwa jirani.

Siku ya gulio akapata kimoja alichokuwa amekitafuta kwa muda mrefu. Akakifunga kwenye kitambaa cha mkononi, akakitia mfukoni, kisha akapitia mashineni kuchukua unga wake.

Pale mashineni palikuwa na foleni. Mama Atupele, mjane wa jirani yake, aliinama kukinga unga. Pindo la kitenge alichojitanda shingoni likagusa mkanda wa mashine, na mkanda ukalivuta. Kufumba na kufumbua, yule mama shavu liko kwenye chuma, kitenge kimemkaba, sauti haitoki.

Msagaji akazima injini. Lakini kitenge kilikuwa kimejisokota kwenye gurudumu, kimekaza kama kamba, na gurudumu likagoma kurudi nyuma. Wakavuta kwa mikono. Mmoja akajaribu meno. Macho ya yule mama yakaanza kugeuka.

"Kisu!" akapaza sauti yule mwenye duka. "Nani ana kisu? Jamani, leteni kisu, mama anakufa."

Akakimbia mlangoni, akaita barabarani mpaka koo likamkauka. Akarudi, akapiga magoti, akamshika mama yule mkono huku machozi yanamtoka. "Mungu wangu, tuletee kisu."

Naona mnanitazama. Mnataka kuniuliza, na kile cha mfukoni je? Subirini kwanza.

Muuza miwa wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na kisu chake kibutu, mpini umefungwa kwa mpira. Akakereza, akakereza. Kitenge kikaachia. Mama Atupele akaanguka sakafuni, akakaa kimya, kimya kirefu cha kutisha, kisha akakohoa, akavuta pumzi.

Alipoweza kusema, alimtafuta kwa macho yule mwenye duka.

"Baba," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nilikuwa nakusikia. Wewe ndiye uliyenililia kuliko wote. Mungu akulipe."

Yule bwana akaingiwa na huruma, akachomoa kitambaa ili amfute unga usoni. Kisu kikadondoka, kikalia kwenye sementi.

Muuza miwa akakiokota. Akakibana kwa vidole viwili pale penye pengo, kikafunguka. Akakifunga tena, akamrudishia mwenyewe.

"Kizuri," akasema, akarudi kwenye miwa yake.

Sasa niulizeni: alikuwa mchoyo? Alikificha? Angekuwa mchoyo, ndugu zangu, ningemwelewa. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Ila alikuwa amevitazama visu vile kama mapambo kwa miaka mingi, hata moyoni mwake havikuwa visu tena. Alipotafuta kisu, hakukumbuka hata kujipapasa.

Na sisi je? Wangapi hapa wiki hii tumemlilia Mungu, "Bwana, mfariji yule mgonjwa," na nyumba ya mgonjwa tunaiona kutoka dirishani kwetu? Tunaomba vijana wapate mtu wa kuwafundisha kazi, nasi ufundi tunao mikononi. Tunaomba amani irudi kwenye ukoo, na lile neno la kuomba radhi limo kinywani mwetu, tumelifumbia midomo. Mungu alishachonga pengo, ili hata mwenye mikono inayotetemeka aweze kufungua. Wala hatusemi uongo tunapolia. Hilo ndilo linalonitisha.

Tutasimama sasa tuombe. Lakini usifumbe macho bado. Jipapase kwanza.